Saint-Émilion 2005, Barolo 2010 au Riesling 2007: nifungue ipi kwanza?

Tausi_Mweusi
Wakuu, heshima kwenu. Nina chupa tatu za mvinyo wa zamani: mwekundu wa Saint-Émilion (Ufaransa) 2005, mwekundu wa Barolo (Italia) 2010 na mweupe wa Riesling ya Mosel (Ujerumani) 2007. Kaka yangu anakuja mwisho wa mwezi na nataka tufungue moja. Nikiwahi, naogopa kukuta haujakomaa. Nikichelewa, naogopa kukuta umekufa. Ninyi mngeanza na ipi?

Kizibuo
Mkuu, hapo hujatupa kitu. Watengenezaji ni akina nani? Zimehifadhiwa wapi miaka yote hiyo, na kwenye joto gani? Zimelala au zimesimama? Riesling ni Kabinett, Spätlese au Auslese, yaani zabibu zilivunwa zikiwa zimeiva kiasi gani? Ukiishika chupa kwenye mwanga, mvinyo unaishia wapi: shingoni au begani? Bila hayo tutakupigia ramli.

Bibi_Zabibu
Mimi ningeanza na Saint-Émilion. Kule zabibu aina ya Merlot ndiyo hutawala, nayo hulainika mapema kuliko Nebbiolo, zabibu ya Barolo. Mwaka 2005 Bordeaux, eneo ilipo Saint-Émilion, ilikuwa kavu na mvinyo ulitoka na tanini nyingi (ndizo zinazoleta ukakasi mdomoni), lakini chupa nyingi za kawaida za mwaka huo zimeshakomaa. Barolo 2010 iache ilale, ina tanini na uchachu wa kuibeba mbali.

Nahodha_wa_Pishi
Dada, hapo napingana nawe. Barolo yenyewe kisheria haitoki sokoni kabla ya miezi 38, na 18 kati ya hiyo ni ndani ya mbao. Ya 2010 imeshavuka muongo mzima. Watu wameaminishwa kwamba Nebbiolo ni ya kuwarithisha wajukuu, matokeo yake wanaikosa ikiwa bado ina waridi na cheri mbichi. Mimi napenda ukakasi kidogo mdomoni, ndio unaonikumbusha kwamba mvinyo bado uko hai.

Mto_Mkavu
Kabla hamjafika mbali na hiyo miaka, naomba niseme yaliyonipata. Nilimnunulia baba mvinyo wa Hispania, Rioja Gran Reserva ya 2001, mwaka uliosifiwa sana, kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Lebo safi, hata doa hakuna. Siku ya kufungua, kuvua foili tu nikaona kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, pembeni kuna utando unaonata wa mvinyo uliovuja ukakauka. Mvinyo wenyewe ulikuwa umeshuka hadi begani. Nikamimina. Kahawia mpaka ukingoni, unanuka zabibu zilizochemshwa na siki kwa mbali. Baba akaonja, akaiweka glasi mezani taratibu, akaniuliza kama ndivyo unavyotakiwa kuwa. Iliniuma sana.

Nikamrudia muuzaji. Akasema mvinyo wa zamani ndivyo ulivyo. Si kweli hata kidogo! Nikaomba nione ghala lake: chumba chini ya bati, masanduku yamepangwa hadi karibu na dari. Joto likipanda mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo nje. Ukipoa unanywea na kuvuta hewa ndani. Rudia hivyo mchana na usiku kwa miaka, hakuna mavuno mazuri yatakayoukoa. Kwa hiyo Tausi, mjibu Kizibuo kwanza. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo unafuata baadaye.

Tausi_Mweusi
Pole sana, mkuu. Chupa zilikuwa za mjomba, alizilaza kwenye chumba cha chini ya nyumba, kuna ubaridi na giza. Kwangu ziko kabatini tangu mwaka jana. Riesling ni Spätlese.

Fundi_Mosel
Spätlese 2007! Basi fungua hiyo. Sukari na uchachu wa Mosel ndivyo vinavyoilinda, na kwa umri huu imeanza kuacha utamu wa wazi na kuingia kwenye asali, limau kavu na ile harufu ya petroli. Wengi wakiinusa petroli wanaimwaga wakidhani imeharibika, kumbe ni alama ya kawaida kabisa ya Riesling iliyokua. Hata ukisema umewahi, hutapoteza kitu, maana haina tanini za kukukaba koo.

Kizibuo
Kabatini joto kiasi gani? Nyuzi 12 au 13 ndizo zinazofaa. Ikiwa ni 25 na kupanda, sahau habari ya kusubiri, fungueni zote mkiwa na kaka yako.

Nahodha_wa_Pishi
Akichagua Barolo, aimimine kwenye karafe (jagi la kioo la mvinyo) muda wa saa tatu kabla ya kunywa, ipumue.

Bibi_Zabibu
Saa tatu?! Kwa Barolo changa sawa, kwa Saint-Émilion ya 2005 asithubutu. Émile Peynaud, profesa wa Bordeaux aliyeshauri mashamba mengi ya kule, alikuwa na msimamo kwamba kama kuna mashapo, mimina dakika za mwisho kabla ya kunywa, basi. Hewa huondoa harufu haraka kuliko inavyozileta. Mvinyo mzee hufunguka kwenye glasi, na kuufuatilia unavyobadilika ndiyo raha yenyewe.

Nahodha_wa_Pishi
Peynaud namheshimu, ila Nebbiolo iliyojifunga ukiimimina moja kwa moja utakunywa ukali mtupu. Nimeonja chupa ileile mara baada ya kufungua na tena usiku, ungeapa ni mvinyo mbili tofauti.

Mto_Mkavu
Mnakubaliana pa kuanzia angalau: chupa yenye mashapo isimamishwe siku moja au mbili kabla, kisha imiminwe polepole bila kutikiswa, taa ikiwa nyuma ya shingo. Yakifika shingoni, acha.

Ua_la_Mwaloni
Kwa nini asitumie Coravin? Sindano inapita kwenye kizibo, gesi ya agoni inajaza nafasi, anaonja kidogo kutoka zote tatu halafu ndiyo anaamua.

Kizibuo
Kizibo cha mwaka 2005 kinaweza kuwa kimekauka, ukikitoboa kisizibe tena. Mimi ningetumia kizibuo cha vyembe viwili, kile kinachoshika kizibo pembeni.

Tausi_Mweusi
Nimezitazama tena. Riesling haina kizibo, ina kifuniko cha kuzungusha! Hii si dalili ya mvinyo wa bei rahisi?

Fundi_Mosel
Hapana, usiwasikilize wanaosema hivyo. Watengenezaji wa Riesling wa Clare Valley, Australia, walihamia kwenye kifuniko hicho kwa pamoja kuanzia mavuno ya 2000 kwa sababu walichoka na vizibo vinavyonuka ukungu. Inakua vizuri tu, taratibu zaidi.

Bibi_Zabibu
Mimi bado sijashawishika na vifuniko hivyo kwa mvinyo mwekundu wa kukaa miaka 30.

Fundi_Mosel
Dada, hebu tutajie chupa moja iliyokuangusha.

Kizibuo
Tausi, joto la kabati? Na hizo mbili zenye vizibo, mvinyo umefika wapi?

Ua_la_Mwaloni
Samahani kwa kuingilia, mimi nina Port ya 1994, mvinyo mtamu wa Ureno, ile ya mavuno ya mwaka mmoja tu yenye mashapo mazito. Ikishafunguliwa inakaa siku ngapi?