Nyumba ya watunza taa Chumbe: ingefufuliwa au ingeachwa gofu?

Mwana wa Malindi: Assalaam alaykum wana baraza. Juzi nimewapeleka wageni Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja. Mnara wa taa wa 1904 bado umesimama na taa inawaka. Lakini pale palipokuwa na nyumba ya watunza taa, ambayo mpaka mwanzo wa miaka ya tisini ilikuwa gofu, leo pana paa kubwa la makuti na watalii wanakula mchana. Nauliza kwa nia njema: tumeihifadhi au tumeifuta? Mimi ningeziacha kuta zilivyo, pawe na habari za walioishi humo. Ingawa nao walikuwa Wahindi tu walioletwa na Mwingereza, hata msikiti wamejenga kwa mtindo wa kwao.

Bint Chukwani: Hilo "tu" umelitoa wapi? Babu yangu mzaa mama alikuwa Mhindi, kazaliwa Kiponda, kazikwa hapahapa Unguja. Mtu kakaa kisiwa kisicho na kisima, kila magharibi anapanda ngazi zaidi ya mia moja awashe taa ili jahazi la babu yako lisipasuke mwambani, leo unamwita "Mhindi tu"!

Mwana wa Malindi: Dada yangu, sikumtukana mtu. Nilizungumzia nyumba.

Bint Chukwani: Na mimi nazungumzia waliolala humo.

Nahodha Kongwe: Ngojeni kidogo. Jahazi la babu ya nani lingepasuka? Wazee wetu wamekwenda Lamu, Ngazija na Maskati kabla mnara huo haujawekwa jiwe la kwanza. Walikwenda kwa nyota za Kilimia, kwa rangi ya maji, kwa harufu ya nchi kavu. Msitufundishe kwamba tuliongozwa na taa ya Mzungu.

Kijana wa Mtoni: Mzee wangu shikamoo. Lakini hiyo si taa ya Mzungu, ule mnara kaujenga Seyyid Barghash.

Mtu wa Mkunazini: Hapana. Barghash kafariki 1888. Wa Chumbe umejengwa 1904, kitini cha usultani yupo Sayyid Ali bin Hamud na amri iko kwa Waingereza. Wewe unauchanganya na ule uliokuwa mbele ya jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, uliopigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, vile vita vya dakika thelathini na kitu. Baada ya hapo ndipo Beit al-Ajaib lenyewe likapata mnara wa saa, nao tumeuona ukianguka Desemba 2020. Ndiyo maana naingia mjadala huu kwa uchungu. Gofu haliwezi kukaa gofu. Ukuta wa mawe na chokaa ukiwa hauna paa, mvua ya masika inaingia, mti unaotesha mizizi, na siku moja unaamka hakuna kitu. Paa la makuti ndilo lililoiokoa ile nyumba.

Mwana wa Malindi: Kuokoa kuta si kuokoa habari zake. Taa iligeuzwa ya gesi 1926. Kazi ya mtunza taa ilibadilikaje? Nani alibaki kisiwani? Hayo ndiyo nilitaka mgeni asomewe pale kabla ya kuletewa sahani.

Kijana wa Mtoni: Wanafunzi wanapelekwa kule kujifunza matumbawe, na walinzi wa kwanza wa hifadhi ya bahari ya Chumbe walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliofundishwa kazi. Hiyo nayo ni habari.

Shangazi Bububu: Wavuvi haohao waliambiwa wasivue tena upande ule. Uliza na hilo.

Kijana wa Mtoni: Shangazi, upande ule ni njia ya meli na jirani yake ni kambi ya jeshi. Hata zamani watu hawakuwa wakivua kwa uhuru.

Nahodha Kongwe: Nyote mmeruka nilichosema. Baharia wa pwani hii alijua bahari yake.

Bint Chukwani: Alijua, babu, wala sibishi. Lakini Kilimia hakikuonyeshi mwamba ulio chini ya maji usiku wa mawingu. Ulipokuwa ukitoka Dar usiku, hukuwa ukiitafuta taa ya Chumbe?

Nahodha Kongwe: Nilikuwa nikiitafuta. Nikiiona namwambia serahangi, mkuu wa mabaharia wangu, ashike usukani, mimi nakaa nakunywa kahawa. Lakini siku isipowaka nilifika vilevile, na hilo ndilo nataka liandikwe ukutani mwa nyumba hiyo mnayogombania.

Mwana wa Malindi: Liandikwe, mzee. Na majina ya watunza taa pia. Kuna mwenye jina hata moja?

Bint Chukwani: Kwanza ondoa lile "tu", kisha nitauliza kwetu Kiponda.