Naomba ushauri: nipange nini kwenye BIOS ili kompyuta ya dukani iwake tena?

MwanaMafinga
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaendesha duka dogo la steshenari hapa Mafinga, na tangu jana mchana nimekwama. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuchapa mitihani ya shule moja ya jirani, ukarudi baada ya nusu saa hivi, na nilipoiwasha kompyuta yangu ya mezani haikufika kwenye Windows. Inatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi kwamba saa haijapangwa, inataka nibonyeze F1, na nikibonyeza inaniambia haioni diski ya kuwashia. Nikiingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao mama inayotangulia Windows, naona tarehe imerudi kuwa 1 Januari 2013, ilhali diski yenyewe imeorodheshwa pale kwa jina na ukubwa wake, GB 500, kwa hiyo ninaamini haijafa.

Ninachoomba ni mpangilio sahihi wa BIOS, ukurasa kwa ukurasa, ili niufuate kama ulivyo. Usiku wa jana sikupata usingizi, kwa kuwa ndani ya diski hiyo kuna hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na Jumapili tuna mgao.

FundiTukuyu
Pole sana, ndugu yangu. Mpangilio mmoja unaofaa kompyuta zote haupo. Unaofaa yako ni ule uliokuwepo siku Windows ilipopigwa kwenye hiyo diski, na ukiupata huo itawaka kama kawaida. Lakini maelezo yako yana pengo. Saa kurudi nyuma ni dalili ya betri ndogo ya ubao mama kuisha, hilo ninalikubali, ila nusu saa ya giza si kawaida kuifanya kompyuta iliyokuwa nzima isahau kila kitu kwa mpigo. Je, kuna mtu aliyeifungua sipiyu, au aliyebadilisha chochote ndani ya BIOS kabla hujaandika hapa?

MamaNjombe
Mwanangu, pole, lakini niseme ukweli. Hesabu za watu ni amana. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu mwaka wa sita sasa, na kila tukimaliza kikao nanakili faili kwenye flashi mbili, moja naiweka kwangu na nyingine kwa katibu, kisha tunachapa karatasi na kuitia sahihi. Wenzako wakikuuliza hela zao siku ya mgao hutawajibu kwa habari za BIOS. Kwanza nenda kwa mwenyekiti umweleze mapema, kabla hajaelezwa na mtu mwingine.

MzeeKalenga
Kamwene. Habari ya betri hii imenikumbusha mbali. Kompyuta za kwanza za IBM za mwaka 1981 hazikuwa na saa yenye betri, mtu alikuwa anaandika tarehe kwa mkono kila anapowasha, na mipangilio ilifanywa kwa vijiswichi juu ya ubao. Ni mwaka 1984 ndipo ilipokuja ile iliyohifadhi saa na mipangilio kwenye kumbukumbu ndogo iliyoitwa CMOS, iliyolishwa na betri, na jina la betri ya CMOS tumebaki nalo tangu hapo. Nikiwa karani wa stoo tulikuwa na mashine moja iliyorudi nyuma miaka kumi kila Jumatatu, kwa kuwa mlinzi alizima swichi ya ukutani kila Ijumaa jioni, nasi tukawa tunatoa hati za kupokea mbolea zenye tarehe ambazo hata ghala lenyewe lilikuwa halijajengwa. Mkaguzi alituandikia kurasa tatu. Tulipobadilisha betri, mambo yakatulia.

KijanaUyole
Kaka, usihangaike na huo mfumo wa zamani. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Fomati, yaani futa diski yote, piga Windows 11, uanze upya. Ila hakikisha kompyuta yako ina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na inakubali Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, na kama ni ya Intel prosesa iwe angalau ya kizazi cha nane.

MwanaMafinga
Nawashukuru wote. Prosesa yangu ni i5 ya kizazi cha nne, ila fundi ninayemfahamu amesema hilo halimshindi. Kuhusu swali la nani aliifungua, kwa kweli sioni linahusiana vipi na mpangilio ninaouomba. Naomba tujikite kwenye mipangilio.

FundiTukuyu
Linahusiana sana, ndugu, na kukwepa kwako ndiko kunakonitia wasiwasi. Mtu akiichomoa ile betri, au akibonyeza "Load Defaults", BIOS inarudi ilivyotoka kiwandani, na ya kiwandani huenda haifanani na ile aliyoiweka aliyekupigia Windows. Mimi nimekaa Tukuyu, mvua zetu unazijua, na nimefungua kompyuta nyingi ambazo unyevu umeota kutu ya kijani kwenye kiota cha betri. Sitakucheka wala kukulaumu, ila nieleze kila kilichofanyika kwa mfuatano wake.

MwanaMafinga
Basi nieleze. Umeme ulikatika kweli, na saa ilikuwa inarudi nyuma tangu mwezi uliopita, kiasi kwamba tovuti nyingi zilikataa kufunguka zikidai vyeti vyake vya usalama si halali mpaka nirekebishe tarehe. Hata hivyo, umeme uliporudi jana Windows ilifunguka vizuri. Jioni ndipo nilipotaka kuingia kwenye BIOS ili niruhusu kompyuta iwake kwa flashi, maana yule fundi aliniambia nimwandalie, na nikakuta BIOS inadai nenosiri. Nenosiri hilo aliliweka kijana aliyekuwa akinisaidia dukani, ambaye aliondoka mwezi Machi. Nikatazama video, nikafungua sipiyu, nikachomoa betri kwa ncha ya bisibisi, nikangoja dakika kumi na kuirudisha. Nenosiri likatoweka. Nikabonyeza pia "Load Defaults" kama video ilivyoelekeza, nikahifadhi, na tangu hapo ndiyo hali niliyowaeleza.

Sikuandika mapema kwa sababu nilijua mtaniambia nimeharibu mwenyewe. Naona nilifanya lililowezekana, kwa kuwa kijana simpati kwenye simu. Tena fundi nimeshampa kishika uchumba cha shilingi 15,000, anatoka Iringa mjini Jumamosi kuja kufomati na kupiga Windows 11, na ninaona vibaya kumrudisha mtu aliyekwisha kupanga safari yake. Ameniambia anaweza kuokoa mafaili baada ya kufomati.

MamaNjombe
Baada ya kufomati? Usimruhusu mtu kugusa hiyo diski.

MchunguziMbalizi
Samahani, mimi nina mashaka na uzi huu wote. Mwanzo kosa lilikuwa la umeme, sasa ni la mwenye kompyuta. Mwanzo Windows haikufunguka tangu umeme ukatike, sasa ilifunguka hadi jioni. Halafu kuna nenosiri lisilojulikana, na mtu aliyeliweka hapatikani. Nimesoma nyuzi za namna hii mara nyingi: mtu ana kompyuta isiyo yake, anatunga kisa cha kikundi na mgao ili tumwonee huruma, kisha tunamfundisha jinsi ya kuifungua. Kwa maoni yangu tusiendelee mpaka athibitishe.

KijanaUyole
Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Kwanza jina la kompyuta hajalitaja hadi sasa.

MzeeKalenga
Wanangu, mtu akichanganya siku ya tukio haina maana kwamba ametunga. Aibu nayo huchanganya maneno.

MwanaMafinga
Maneno haya yameniumiza. Kompyuta niliinunua mwaka 2021, ni mtumba uliotoka ng'ambo, na risiti ipo kwenye faili la leseni ya biashara, nikaiona tena leo asubuhi. Ubavuni ina stika ya mali ya kampuni ya huko ilikotoka, ambayo nusu yake nilishaibandua kwa kucha nikaacha gundi nyeusi. Ndani kuna vumbi la mbao lililoganda kwenye feni kama unga wa dona, kwa kuwa nyuma ya duka langu kuna karakana ya seremala, na betri niliyochomoa ina alama ya CR2032 upande uliong'aa na pete ya kahawia ukingoni. Nilikosea kuanza na habari ya umeme. Lakini wanachama 28 wapo, na hela zao zipo.

FundiTukuyu
Ninamwelewa MchunguziMbalizi, na tahadhari yake ina msingi: kompyuta zinaibiwa, na nenosiri la BIOS lipo kwa ajili ya hilo. Lakini tuangalie kinachoombwa. Nenosiri la BIOS limekwisha kuondoka kabla hajaja hapa, kwa hiyo hatumfundishi kulivunja. Anachotaka ni kuifikia Windows ile ile iliyopigwa kwenye diski ile ile, ambayo ikifunguka itamdai nenosiri lake yeye kama ina akaunti yake. Aliyeiba hahitaji hata tulizungumze hili, angefomati tu. Huyu ndugu anaogopa kufomati. Ninaendelea kumsaidia.

Sasa sikiliza, ndugu yangu wa Mafinga. Kwanza betri. Nunua mpya ya CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo vyake, upana milimita 20 na unene 3.2, na nguvu yake ni volti 3, kwa hiyo usikubali kuuziwa CR2025 eti inaingia. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha ibadilishe, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Usiguse kitu kingine ndani, ila hilo vumbi lipulize ukiwa umeizuia feni kwa kidole.

Pili, ingia BIOS, panga tarehe na saa, kisha nenda kwenye ukurasa wa kuwashia. Ninashuku kiwandani imewekwa UEFI, njia mpya ya kuwasha, peke yake, ilhali mafundi wengi wa enzi hizo walipiga Windows kwa njia ya zamani inayoandikwa Legacy au CSM. Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR haiwaki Windows kwa UEFI, ndiyo maana BIOS inaiona diski lakini inakwambia hakuna cha kuwashia. Zima Secure Boot kwanza, kwa sababu ikiwa imewashwa njia ya zamani haitaruhusiwa, kisha chagua Legacy, uweke diski yako iwe ya kwanza kwenye foleni. Hifadhi na utoke.

Tatu, ikianza kuwaka kisha ikatoa kioo cha buluu chenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, usiogope. Hapo njia umeipata, kilichobaki ni namna diski inavyozungumza na ubao. Rudi BIOS, tafuta SATA, ndipo mazungumzo hayo yanapopangwa, na kama imeandikwa RAID weka AHCI, au kinyume chake. Una diski moja tu, hivyo kubadilisha hilo hakufuti mafaili, na likishindikana unarudisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila ukurasa upige picha kwa simu kabla hujaugusa.

KijanaUyole
Na kama prosesa ni ya kizazi cha nne, Windows 11 haiikubali rasmi. Fundi anaweza kuilazimisha iingie, lakini asikwambie kwamba ni jambo la kawaida. Nilikosea kukuambia ufomati bila kuuliza ndani kuna nini.

MwanaMafinga
Nimerudi. Betri nimeipata kwa fundi saa karibu na stendi. Nilikuta Secure Boot imewashwa na njia ya kuwashia ni UEFI, nikafanya kama ulivyosema. Ilipowaka niliona alama ya Windows kwa mara ya kwanza tangu juzi, kisha kikatokea kioo cha buluu chenye maneno yale yale uliyoyaandika. Mikono ilinitetemeka. Nikarudi, SATA ilikuwa RAID, nikaweka AHCI. Imefunguka. Daftari la kikundi lipo hadi mkopo wa mwisho wa Alhamisi. Nimelinakili kwenye flashi mbili, moja nimempelekea mwenyekiti mkononi mwake, na nimemweleza yote.

Fundi wa Iringa nimempigia asije na habari ya kufomati, aje aniwekee diski mpya pembeni ya hii. Amekubali kuihesabu ile 15,000.

MchunguziMbalizi
Nimeyasoma yote. Nilikudhania vibaya, ndugu, nisamehe. Ila nenosiri jipya la BIOS weka, na uliandike mahali ambapo hata kijana wako akiondoka utalipata.

MwanaMafinga
Yamekwisha. Nimeliweka, na nimeliandika nyuma ya ile risiti.

FundiTukuyu
Ndaga fijo kwa kurudi kutuambia, maana wengi hupotea wakishafanikiwa. Bado kuna kipimo kimoja. Leo ukifunga duka, zima na uchomoe waya ukutani kabisa, uiache usiku kucha. Asubuhi ingia BIOS kwanza kabla ya Windows, ututajie saa unayoiona.

MwanaMafinga
Nimefungua duka sasa hivi, baridi kali na ukungu mpaka mlangoni. Kwenye BIOS imeandikwa 07:12 na tarehe ni ya leo. Saa yangu ya mkononi nayo ni saa moja na dakika kumi na mbili.