Naomba ushauri: lenzi nafuu ya kuvuta mbali kwa matembezi ya Shimba Hills

Mkaazi wa Tudor:
Assalam aleikum, ndugu zangu. Ninatumia kamera ya Canon 700D na lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, na mara nyingi mimi na wenzangu hutembea Shimba Hills hadi maporomoko ya Sheldrick. Palahala wakitokea ng'ambo ya uwanda, picha zangu huonyesha nyasi tu na vidoadoa. Bajeti yangu haizidi shilingi 30,000, na kwa kuwa kurudi kutoka maporomokoni ni kupanda, uzito unanisumbua kuliko jambo lingine. Dukani nimeshauriwa ninunue lenzi mpya ya 75-300. Je, itanifaa?

Mpigapicha wa Nyali:
Wa aleikum salaam, kaka. Hiyo iache. Haina kitulizaji cha mtikisiko, na ukiivuta hadi mwisho picha hupoteza ukali. Kwa sensa ndogo ya kamera yako, milimita 300 huona kama 480 kwenye kamera ya sensa kubwa (fremu kamili), hivyo utalazimika kupiga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi, kasi ambayo chini ya miti ya Shimba haipatikani bila kupandisha ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) hadi picha ijae chengachenga. Tafuta EF-S 55-250 IS STM iliyotumika. Ina gramu 375, ina kitulizaji, na hufokasi kuanzia sentimita 85, kwa hiyo hata vipepeo wa njiani utawapata. Hakikisha imeandikwa STM, maana matoleo ya awali ya 55-250 hufokasi polepole na kwa kelele.

Mtazamandege:
Kwa ndege wadogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, 250 ni fupi, na ni vyema ndugu yetu alijue hilo kabla ya kulipa. Mimi nina Sigma ya 150-600, inayokaribia kilo mbili, lakini huibeba tu siku ninayokusudia kukaa mahali pamoja. Palahala ni mnyama mkubwa. Ukiwa na subira, 250 itakutosha.

Fundi wa Makadara:
Kwa lenzi iliyotumika hapa Pwani, adui ni kuvu. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili; ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, rudisha hata ukipunguziwa bei, kwa sababu kuvu ikishakula utando wa kinga uliopakwa kwenye kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa. Kisha ivute hadi 250, upige kibao chenye maandishi kitulizaji kikiwa kimewashwa, halafu kikiwa kimezimwa, ulinganishe. Nyumbani usiihifadhi katika mkoba wa ngozi. Itie kwenye kontena lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu.

Mkaazi wa Tudor:
Shukran sana. Nimepata moja Ganjoni, na muuzaji ameridhia niijaribu kwenye kamera yangu. Je, kichujio cha 18-55 yangu kitaingia?

Mpigapicha wa Nyali:
Kitaingia, lenzi zote mbili hutumia kichujio cha kipenyo cha milimita 58. Kikinga mwanga ndicho tofauti: chake ni ET-63, nawe umdai muuzaji akupe, kwani lenzi hizi huuzwa mara nyingi bila hicho.