Tupeane uzoefu: gemu za kompyuta zimekusaidia nini, na mashine yako umeiundaje?

Mwanzisha mada, Dodoma
Wakuu, habari za jioni. Gemu zikitajwa tu, maongezi yanaishia kwa watoto kufeli na vijana kushinda vibandani. Hayo yapo, sikatai. Ila kuna upande hausemwi, na mimi nimeuishi miaka minne. Naanza, nanyi mshushe ya kwenu.

Mdogo wangu yuko Minneapolis, Marekani. Tulikuwa tunapigiana simu kila Jumapili na zile simu zilikuwa zinaniumiza. Mama hajambo, kazi inaenda, baridi imeanza, basi. Dakika tatu tumeishiwa maneno, sisi tuliolala kitanda kimoja mpaka namaliza kidato cha nne. Siku moja akasema, "Kaka, tafuta mashine tucheze Age of Empires II." Ni gemu la 1999, tulilicheza utotoni kwenye kompyuta ya baba, na 2019 lilitolewa upya likiwa limeboreshwa.

Sasa kila Jumamosi saa nne usiku kwangu, saa nane mchana kwake (majira ya baridi inakuwa saa saba), tunavaa hedifoni. Unaanza na wanakijiji watatu, unatafuta kondoo, unakata kuni, unajenga nyumba. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Tuko katikati ya kukata miti ndipo aliponiambia ndoa yake imevunjika, jambo alilolificha nyumbani miezi miwili. Niliacha mausi. Wanakijiji wangu wakasimama bila kazi, namsikiliza yeye tu. Kwenye simu ya Jumapili asingelisema.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010 iliyotumika, lile kasha la kusimama, prosesa i5 ya kizazi cha tatu. Niliinunua Kariakoo. Nikaongeza RAM (vile vijiti vya kumbukumbu ya muda) ikafika GB 16, nikaweka SSD (diski yenye kasi), kisha kadi ya grafiki GTX 1050 Ti. Niliichagua hiyo kwa sababu inakula wati 75 tu, inazipata kwenye ubao mama (bodi kuu ya ndani) wenyewe bila waya wa ziada, na powasaplai, yaani kigawa umeme cha ndani, ya hizi mashine za ofisini ni ndogo. Zipo 1050 Ti zenye tundu la waya wa umeme, hizo ziache. Mke wangu aliogopa uniti za umeme. Tukapiga hesabu pamoja. Mashine na monita havizidi wati 200, kwa hiyo saa mbili ni chini ya nusu uniti.

Mdau wa Tunduma
Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa utingo miaka sita. Dereva wangu alikuwa mtu mwema lakini tela hakuniachia, na sikumlaumu, mzigo si wake. Rafiki yangu mwenye steshenari alikuwa na Euro Truck Simulator 2, gemu la kuendesha malori, na usukani wa kuchomeka. Nikawa namlipa kidogo, nacheza jioni tukiwa kwenye foleni ya mpakani.

Watu wanadhani ni kukimbiza lori tu. Mimi nilikuwa nachagua maegesho magumu kila safari. Kurudi nyuma na tela akili inagoma: unataka mkia uende kulia, usukani unaupeleka kushoto, na ukichelewa kuurudisha tela linajikunja. Niliharibu mara nyingi mno. Halafu siku moja mikono ikaacha kuuliza. Ukivuka kwenda Uingereza kwenye gemu unaendesha kushoto kama kwetu, nikawa nafanyia mazoezi huko.

Leseni niliipata kwa kusoma udereva kama kila mtu, gemu halikupi uzito wa mzigo wala breki zinazopata moto mteremkoni. Lakini siku ya kwanza kuachiwa tela yadi nililiingiza mara moja. Dereva wangu alishuka, akazunguka gari lote, akanipa mkono.

Mdau wa Tanga
Nafuatilia. Mie HP yangu ya mezani tangu juzi haiwaki, inalia pii mara tano na taa nyekundu inapepesa. Fundi anasema ubao mama umekufa. Kuna mwenye kujua?

Mdau wa Mwanza
Niko chumba cha upasuaji, nafanya kazi na wanaotumia kamera na matundu madogo. Kuna utafiti wa Rosser na wenzake, ulichapishwa 2007, waliwapima madaktari 33 huko New York. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walikosea pungufu kwa asilimia 37 kwenye mazoezi na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Haithibitishi kwamba gemu ndilo lililowafanya hodari, huenda wenye mikono myepesi ndio wanaopenda gemu. Ila mimi tangu nianze kucheza, kuangalia skrini huku mikono ikifanya kazi mahali pengine hakunitishi tena.

Mdau wa Mombasa
Mdogo wangu wa Tanga, usitupe mashine. Mlio wa mara tano kwa HP mara nyingi ni RAM. Sisi watu wa pwani chumvi inatumaliza. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha umalizie umeme uliobaki ndani. Toa RAM, angalia yale meno ya dhahabu, utaona yamefifia. Chukua kifutio cha penseli, kile cheupe laini, sugua taratibu pande zote mbili mpaka yang'ae, pangusa vumbi la kifutio kwa brashi kavu, rudisha mpaka vishikio vifunge "ta". Kama ni mbili, jaribu moja moja.

Haya nimeyajua kwa ajili ya mwanangu na Minecraft yake. Mafundi walinichosha, nikaamua kuifungua mwenyewe. Leo majirani wananiletea zao. Kwangu hiyo ndiyo faida, na ya pili ni kwamba mtoto ananieleza anachojenga tukiwa tunakula. Kucheza ni baada ya madrasa na kazi za shule, kwa muda wa saa moja tu, na mashine iko sebuleni.

Mdau wa Morogoro
Mwanzisha mada, nina OptiPlex ya kulala, lile kasha jembamba. 1050 Ti itaingia?

Mwanzisha mada, Dodoma
Ya kawaida haitaingia mkuu, kasha halitafunga. Tafuta iliyo fupi kwa kimo, yenye bati fupi la nyuma, na pima kwanza kwa rula. Na usichomeke chochote bila stabilaiza. Mimi umeme ulirudi kwa kishindo ukaniunguzia powasaplai, wiki tatu sikuongea na mdogo wangu ipasavyo. Nikanunua UPS (betri ya akiba), inanipa dakika kumi za kuaga na kuzima vizuri.

Dada wa Mombasa, asante sana kwa darasa.

Mdau wa Tanga
Dada yangu, nimesugua zote mbili. Moja inaleta mlio uleule. Nilipoweka ile ya pili, imewaka. Naandika kwa kutumia hiyohiyo mashine.