Naomba ushauri: chaja ya 21V kwenye betri ya drili iliyoandikwa 18V

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi samani hapa Keko, naomba msaada kwa wanaozijua betri hizi.

Nina drili ya kuchaji, betri ya lithiamu, 18V 4.0Ah. Chaja yake imekufa wiki iliyopita. Nikaenda maduka ya Gerezani, nikauziwa nyingine iliyoandikwa 21V 2A, muuzaji akaapa ndiyo yenyewe. Betri inaingia kwa kulazimisha kidogo. Taa nyekundu inawaka kama sekunde mbili, halafu kijani, eti imejaa. Nimeipima kwa mita: 16.4V!

Hizo namba za 18V na 21V hazinitishi. Seli tano za lithiamu zikiungwa mfululizo ni 18V za kawaida, na zikijaa zinafika 21V. Kinachonisumbua ni miguu: betri ina mitatu, chanya, hasi na mmoja una herufi T. Chaja ina miwili tu. Nimesafisha miguu kwa spiriti, nimebadilisha soketi, wapi.

Jirani yangu wa karakana anataka tuchaji kwa kuunga waya moja kwa moja. Nimekataa, hapa chini ni maranda matupu na madebe ya vanishi.

Sasa, huo mguu wa T ndio wa kupima joto, na ndio unaofanya chaja ikatae? Na nikipata chaja ya miguu mitatu ya kampuni nyingine, yenye 21V hizo hizo, nipime nini kwanza kabla sijatoa hela tena?

Natanguliza shukrani.