Sakafu mpya ya mbao imeharibiwa na mafundi, kisha naambiwa ni "mikwaruzo ya kawaida"

Wanajukwaa, nimeshindwa kunyamaza. Sebule yangu hapa Kileleshwa, Nairobi, imewekwa mbao za mwaloni zilizopakwa vanishi kiwandani, zile ambazo mteja hukubali kuzilipia ghali kwa sababu zikishapigiliwa hazihitaji msasa wala rangi, na leo zina mabonyeo ya nyundo, michirizi ya changarawe na mabaka ya gundi kabla hata kochi halijaingia ndani. Mkandarasi anasema hiyo ni mikwaruzo ya kawaida ya kazi, hivyo nimlipe salio lake. Simlipi.

Kifaa kumponyoka mtu mkononi ni jambo linalompata hata fundi hodari, na kwa hilo nisingefungua uzi. Kinachonikera ni kwamba mbao hizi zilishughulikiwa kana kwamba ni mvule usiopakwa kitu, utakaopigwa msasa mwishoni, makovu yote yakaondoka pamoja na vumbi. Wakati mafundi wa vigae bado wanakata vigae jikoni, vijana wa mbao walikuwa wakipita humo humo na viatu vyao, kisha wanapiga magoti juu ya mbao zilizokwisha kuwekwa huku changarawe zimenasa kwenye pedi za magoti. Hakuna aliyefagia, wala hakuna aliyetandika hata kadibodi. Bunduki ya misumari ilikuwa imelika mpira wake wa chini, kwa hiyo chuma kitupu kikawa kinagonga vanishi na kuacha alama ya mwezi mwandamo pembezoni mwa ubao. Ukiinama asubuhi jua likiingia dirishani, unaziona zimejipanga kutoka mlangoni hadi ukutani. Mahali ambapo bunduki haikufika, walipiga nyundo moja kwa moja kwenye ulimi wa ubao (ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfuo wa ubao wa jirani) bila kuweka kipande cha mbao katikati, na ulimi ukishapasuka, ubao unaofuata haukai sawasawa.

Marekebisho ndiyo yaliyonipandisha mori. Nilipolalamika, aliletwa kijana mwenye msasa na kopo la vanishi. Vanishi ya kiwandani hukaushwa kwa miale ya urujuanimno, na mara nyingi huwa na oksidi ya alumini ndani yake, kwa hiyo ni ngumu mno. Ukiikwangua mahali pamoja na kupaka ya dukani, kiraka hicho hakitang'aa kama mbao za jirani. Palipokuwa na mkwaruzo mwembamba sasa pana baka la ukubwa wa sahani. Halafu akajaribu kuinua bonyeo kwa pasi na kitambaa chenye maji, mbinu inayofaa kwa mbao isiyopakwa kitu, ilhali hapa vanishi huzuia mvuke usifike kwenye nyuzi. Tuliambulia ukungu mweupe.

Mkwaruzo usiofika kwenye mbao ungefichwa kwa kalamu ya rangi inayooana, na kishimo kidogo kingejazwa nta ngumu, ikasawazishwa kwa kipande cha plastiki na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Gundi nayo hufutwa ingali mbichi. Palipobonyea sana dawa ni kubadilisha ubao: hukatwa kwa msumeno wa mviringo uliopimwa usizidi unene wa ubao, hutolewa kwa patasi kuanzia katikati ili mbao za jirani zisiguswe, kisha ubao mpya huondolewa mdomo wa chini wa mfuo wake upate kuteremka, ukatiwa gundi na kuwekewa uzito. Kazi hiyo huhitaji mbao za akiba, nami nilizinunua kwa makusudi hayo. Sasa naambiwa ziliisha "kwenye vipande", yaani zilikatwakatwa kazini, ingawa maboksi yake yalikuwa hayajafunguliwa nilipoyaona mara ya mwisho. Jazeni wenyewe.

Nimemwandikia kwamba mbao zilizobonyea zibadilishwe kwa gharama yake, na mbao zangu za akiba zirudi, ndipo tuzungumzie salio. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na picha ninazo. Wakati huo huo, mwenye kumjua fundi aliyewahi kubadilisha ubao katikati ya sakafu iliyokamilika, naomba aniandikie. Wa msasa na kopo la vanishi asijisumbue.