Nani kawaambia antena mbili kwenye kiungo cha T zinaongeza nguvu?

Wakuu, leo nimejaa hadi hapa. Kila mgeni akiuliza mbona skana yake (redio ya kusikilizia mawasiliano ya ndege, meli na kadhalika) haishiki vizuri, jibu analorushiwa ni lile lile: "Ongeza antena ya pili, ziunganishe kwa kiungo cha T, utakuja kunishukuru." Wauzaji nao wameshadaka. Sasa wanachukua kile kigawanyi cha kebo ya televisheni, wanakibandika lebo ya "kiongeza mawimbi" na watu wananunua. Kinaongeza nini? Kidude chenyewe hakichomekwi hata kwenye umeme!

Jirani yangu kapigwa hivyo hivyo. Kafunga antena mpya pembeni ya ile ya zamani, kaziunganisha nyuma ya skana. Ile taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, inayojirudia mchana kutwa na ambayo alikuwa akiisikia kwa mikwaruzo kidogo, ikazama kabisa. Nikachomoa antena mpya, sauti ikarudi papo hapo. Nikaichomeka tena, kimya. Muuzaji kupigiwa simu, anasema antena mbili bado ni chache, aongeze ya tatu. Jamani!

Sasa nisikilizeni. Wimbi halifiki kwenye antena mbili kwa wakati mmoja, na kebo zenu hazilingani urefu. Kwenye megahezi 125, wimbi moja lina urefu wa mita 2.4. Likichelewa upande mmoja kwa nusu ya hapo, yaani mita 1.2, yale mawili yanakutana yakivutana kama watu wawili wanaosukuma gari, mmoja kwa mbele, mwingine kwa nyuma. Tena ndani ya kebo ya kawaida wimbi linakwenda polepole, kama asilimia 66 tu ya mwendo wake hewani, kwa hiyo kebo ikizidi kwa sentimita 80 hivi, kazi imeharibika. Kinachowadanganya ni kwamba chaneli nyingine, kwa bahati, itapanda. Mtu anakuja kutusimulia hiyo iliyopanda, zile zilizokufa hazitaji.

Na hiyo T yenyewe: antena mbili za omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na vifaa vinapaswa kulingana) zikiungwa sambamba, skana inaona omu 25, nusu ya inavyotarajia. Antena moja ikishika kitu, sehemu yake inatokea kwa mwenzake na kurudi hewani. Ukinunua kiunganishi cha maana badala ya T, ishara iliyoshikwa na antena moja tu bado inapoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu yake. Ila kelele za taa za LED na chaja za simu zinaingia kwa milango yote miwili, hazipigi hodi.

Najua kuna atakayekuja na "mbona kwenye minara wanapanga antena nyingi?" Mkuu, zile zinafanana, zimeelekezwa sawa, nafasi kati yake imepimwa, kebo zina urefu mmoja na zimetengenezewa masafa maalumu. Pamoja na jasho lote hilo, ukitoka antena moja kwenda mbili unapata desibeli 3, na hapo mambo yakienda vizuri. Wewe unaniletea antena ya televisheni iliyolala chali uiunge na ya wima! Redio za ndege na za vyombo vya baharini hurusha mawimbi ya wima. Antena iliyolala inaweza kupoteza desibeli 20, yaani ikabaki sehemu moja kwa mia.

Ukitaka antena mbili kweli, moja ya VHF (masafa ya chini) na nyingine ya UHF (masafa ya juu zaidi), tafuta daipleksa, inayoipa kila antena masafa yake zisiingiliane. Au weka swichi, uchague moja kwa wakati. Lakini kwanza pandisha hiyo uliyonayo juu ya paa, kisha itazame kebo. Mita 30 za RG-58, ile kebo nyembamba ya redio ya omu 50, kwenye megahezi 150 zinakula kama desibeli 6. Robo tu ya nguvu ndiyo inafika chini, halafu unailaumu antena. (Na wale wanaotishia watu kwamba RG-6 ya televisheni "itaua skana" kwa sababu ni ya omu 75: hasara ya kutolingana huko haifiki hata robo ya desibeli. Punguzeni.) Busta (kikuza mawimbi cha kweli, kinachotumia umeme) nayo ikae juu kwenye antena, si mezani, na itanguliwe na kichujio cha FM, la sivyo vituo vya muziki vya megahezi 88 hadi 108 vitakujaa kila chaneli.

Anayebisha aweke hapa rekodi mbili za kituo kile kile, dakika zile zile, antena moja kisha mbili, na chaneli zaidi ya moja. Picha ya antena zako zinavyopendeza juu ya paa sitaijibu.